Mwezini Hakuna Jana

Mimi ni mwalimu wa Jiografia katika shule ya wasichana mjini Garissa, na mada ninayoipenda kuliko zote ni kumeguka kwa miamba na mmomonyoko wa ardhi. Najua si mada ya kupendwa. Mwenzangu tunayegawana naye madarasa hupenda volkano, kwa sababu volkano ina kishindo na wanafunzi hawasinzii. Mimi napenda vitu vinavyoisha polepole bila mtu kuviona vikiisha. Ngazi ya kwanza ya ofisi ya walimu imeliwa katikati na miguu yetu, na kila nikiikanyaga nafurahi, ingawa mwalimu mkuu kila mwaka hutishia kuiziba kwa saruji.

Mwaka jana, muhula ukielekea ukingoni, niliwapeleka wasichana wangu Mwezini. Niliwaambia kwamba hapa duniani hakuna jiwe linaloachwa likae kwa amani. Jua hulipasha, usiku hulipoza, mvua huingia kwenye nyufa zake, mizizi hulisukuma, mbuzi hulikanyaga, upepo huliparuza, na mwisho wake Mto Tana hulibeba likiwa tope hadi baharini. Mwezini hakuna hewa, kwa hiyo hakuna upepo. Hakuna mvua, hakuna mto, hakuna mzizi wala mbuzi. Kuna joto kali la mchana na baridi kali ya usiku, ambavyo hupasua mawe kidogo kidogo, na kuna vimondo vidogo mno, vingine vidogo kuliko punje ya chumvi, vinavyonyesha miaka nenda miaka rudi na kusaga kila kitu kuwa vumbi. Hata milima ya huko imelainika kwa kupigwa hivyo, kwa muda ambao akili haiwezi kuushika. Vumbi lenyewe lina makali, kwa kuwa hapajapata kutokea maji wala upepo wa kuzisugua chembe zake zikawa za mviringo. Na nyayo za watu waliotembea huko, kabla mimi sijazaliwa, bado ziko pale pale na huenda zikakaa mamilioni ya miaka.

Msichana mmoja wa dawati la mbele aliinua mkono. "Mwalimu, kama hakuna ubebo, fumbi inaenda wabi?"

Nilimjibu kwamba haliendi popote. Darasa lilicheka kidogo, si kwa matamshi yake, maana hivyo ndivyo tunavyosema wengi wetu hapa, na mimi mwenyewe nikikasirika p zangu zote huwa b. Walicheka kwa sababu wanatoka nyumba ambazo vumbi hufagiwa asubuhi na jioni, na wazo la vumbi lisiloenda popote liliwapa raha. Mimi nilitoka darasani kichwa kimevimba. Niliona nimefundisha vizuri sana, na mtu anapoona hivyo huwa karibu na aibu.

Shule zilipofungwa nilipanda basi kwenda kwetu, ng'ambo ya Takaba, nikiwa na jambo moja moyoni: kumchukua mama. Macho yake yalikuwa yanakwisha. Daktari wa Wajir alisema si mtoto wa jicho ambaye angeondolewa kwa upasuaji, ni presha ya macho, na kilicholiwa hakirudi. Kulikuwa na dawa ya matone ya kulinda kilichobaki. Kilichobaki kilikuwa mwanga na kivuli. Nilikuwa nimemtayarishia chumba Garissa, chumba chenye feni, dirisha kubwa, na godoro jipya ambalo sikulitoa kwenye nailoni yake ili alione jipya, na hapo hapo unaona jinsi nilivyokuwa nafikiri kwa ajili ya mtu asiyeona.

Mimi na kaka yangu, ambaye anaishi na mama pale pamoja na mkewe, tulikubaliana kwa simu. Mama peke yake ndiye hakukubaliana na mtu.

Alinipokea mlangoni mwa aqal yake, ile nyumba yetu ya miti iliyokunjwa na kufunikwa mikeka, ambayo ameijenga na kuibomoa na kuijenga tena mara nyingi kuliko nilivyofaulu mitihani. Aliniita hooyo, yaani mama. Kwetu mama humwita mtoto kwa jina lile lile mtoto analomwita yeye, kwa hiyo ukitusikia tukiongea huwezi kujua nani alimzaa nani. Aliinama akapitisha kiganja juu ya vumbi laini mahali nilipokanyaga, kwenye alama za ndala zangu mpya zenye mistari ya kwenda kombo.

"Ndala zako zinaandika sana, hooyo," alisema. "Mtu anapita tu, yeye anaandika barua."

Inafaa niseme mama yangu alikuwa nani. Baba yake hakuwa na mtoto wa kiume mpaka uzeeni, kwa hiyo alimfundisha yeye kufuata nyayo. Alipokuwa msichana watu walikuja kutoka mbali kumwita kila ngamia wao walipopotea. Angeutazama unyayo na kusema ni wa jike, kwa sababu mkojo umeanguka nyuma ya miguu ya nyuma, na kwamba alipita kabla ya umande, na kwamba ana haraka. Nilikua nikiamini kila mama anajua mambo hayo. Nilipofika shule ya bweni nikagundua kwamba mama za wenzangu walijua mambo mengine.

Alasiri hiyo, tukinywa chai ya maziwa ya ngamia, nilimsimulia somo langu la Mwezini. Kwa kweli nilikuwa najisifu. Nilimwambia kuhusu nyayo zisizofutika, nikidhani yeye kati ya watu wote atastaajabu. Alisema subhanallah, kisha akauliza kama watu hao walikwenda siku moja au siku mbalimbali. Nikasema siku mbalimbali, na miaka mbalimbali. Akauliza mtu atajuaje upi ni wa kwanza na upi ni wa mwisho. Nikasema kwa kutazama tu, ni vigumu, zote zinaonekana mpya.

"Basi huko hakuna jana," alisema. "Masikini. Mtu akipotea huko hapatikani."

Nilimwona mama mzee anayesema mambo ya kizee. Nikageuza mazungumzo yakaenda Garissa, kwenye feni na dirisha. Alisikiliza kwa adabu zote, namna anavyomsikiliza mchuuzi wa kitu asichokitaka.

Siku ya tatu jioni ngamia wake hakurudi.

Ngamia huyo hakuwa ngamia tu. Mama alipoolewa alikuja kwa baba na ngamia jike aliyepewa na kwao, na huyu alikuwa wa mwisho wa uzao ule. Ukame ulimaliza wengine. Alikuwa na mimba pevu, na jike aliye karibu kuzaa hujitenga na kundi, hutafuta mahali pake peke yake. Kamba ya kengele yake ya mti ilikatika na kengele ilikutwa zizini. Akizaa porini bila mtu, fisi hupata wote wawili, mama na ndama. Kesho yake kaka yangu alizunguka visima vyote siku nzima kwa pikipiki, akarudi na vumbi hadi kwenye kope, hajaona kitu.

Usiku huo wifi yangu alilia kidogo. Mama hakulia. Asubuhi, baada ya swala, aliniita tukae peke yetu.

Akaniambia tufanye mapatano. Tungetoka mimi na yeye, macho yangu na kichwa chake. Tukimpata ngamia, yeye atakaa hapa hapa, na mimi sitataja Garissa tena isipokuwa kama jina la mahali ninapofanya kazi. Tusipompata, basi hana cha kumfunga hapa, na mtu asiyeweza kutafuta mali yake mwenyewe hana haki ya kukataa kutunzwa. Atapanda basi langu.

Nilikubali haraka mno. Nakiri hilo sasa kwa sababu sikulikiri siku ile. Nilimtaka ngamia apatikane, nilimpenda ngamia yule, lakini kuna sehemu ndogo yangu iliyokuwa imeshalala Garissa ikimsikia mama akipumua chumba cha pili kwenye lile godoro, salama.

Tulitoka jua likiwa changa, yeye ameshika ncha moja ya fimbo yake na mimi nyingine. Tulivuka laga, ule mto mkavu wa mchanga ulio nyuma ya boma. Katikati yake niliona vishimo vya mviringo, vipana, vimelegea, havina ukingo. Nilimwambia kuna nyayo lakini za zamani, zimekwisha kabisa. Alisimama akataka kuinama. Nikamvuta twende, jua lisitukute mbali, kwa sababu ng'ambo nilikuwa nimeona bwawa.

Silo bwawa la maji. Ni lile bonde la udongo mfinyanzi ambalo hujaa mvua za Oktoba na kukauka Desemba. Sakafu yake ilikuwa ngumu, imepasuka vipande vipande, na juu yake palikuwa na unyayo ambao nilitaka kuupigia makofi. Ulikuwa safi. Vidole viwili vimejichora, mstari wa katikati umejichora, na kwenye mguu wa kushoto wa mbele lilikuwako lile kovu la mwiba analolijua kila mtu wa boma letu. Ukingo wake ungeweza kukata kidole. Ulikuwapo mmoja, na mwingine, na mwingine, ukielekea kusini.

"Nimempata," nilisema. "Ni yeye, na ni wa leo."

Mama aliniuliza kama kuna njia ya siafu imekatiza ndani. Nikasema hakuna. Kuna jani limeanguka ndani? Nikasema ni msafi, hooyo, ni kama umekatwa kwa kisu. Nilisema hivyo kwa sauti ya darasani. Tukaufuata.

Tuliufuata hadi karibu adhuhuri. Bwawa liliisha na unyayo ukaisha nalo, kwenye kichaka cha miiba, na baada ya kichaka hapakuwa na kitu chochote. Nilizunguka kichaka mara tatu. Mama alikaa kwenye kivuli chembamba, akanyoosha mkono, akaniambia nimpeleke kwenye unyayo wa mwisho ule mzuri.

Aliugusa. Aliingiza vidole vyote vitano, akazungusha ukingo, kisha akaugonga kwa ukucha. Ulilia kama chungu.

"Huu umepikwa," alisema. "Alipita hapa mvua ikinyesha, udongo ukiwa laini. Jua likaupika. Una mwezi na zaidi. Wewe, hooyo, umefuata mzuri."

Nilikaa chini. Nilitamani ardhi inimeze, lakini ardhi ile ilikuwa ngumu mno kumeza mtu. Ningekuwa mtu mwingine ningesamehewa. Mimi nilikuwa nimesimama mbele ya wasichana arobaini na kuwaambia kwamba jinsi kitu kinavyoisha hutegemea kimetengenezwa kwa nini, kimepigwa na nini na kwa muda gani, vyote vitatu kwa pamoja, na nikawaandikisha. Kisha nimetembea nusu siku nikiamini kwamba kilicho wazi ni kipya na kilichofifia ni cha zamani. Nilikuwa nimefuata unyayo wa Mwezini, unyayo usiosema lini.

Na kibaya zaidi, nilisikia ndani yangu ile sehemu ndogo ikisema: basi, atakuja Garissa. Nikaona haya kuliko nilivyoona kwa kosa lenyewe. Nilimwambia mama hivyo, nikiwa nimeketi pale kwenye miiba. Nilimwambia kwamba nilitaka kushindwa, kidogo.

Hakuonekana kushangaa. Alisema anajua, alisikia kwenye fimbo, nilikuwa naivuta kama mtu anayekwenda stendi. Kisha akasema nimrudishe kwenye laga, kwenye vile vishimo vibaya.

Tulirudi tukiwa na kiu, maji yetu yakiwa yameshuka chini ya nusu kibuyu. Tuliswali adhuhuri njiani. Pale kwenye mchanga alipiga magoti, akavua viatu kana kwamba anaingia msikitini, na nikaona kitu ambacho sikuwa nimekiona maishani mwangu, mama yangu akisoma kwa mikono. Hakukibonyeza kishimo. Alikipapasa kwa juu juu, kwa ncha za vidole, kuanzia ukingoni kwenda ndani, halafu akagusa mchanga wa kando ambao haukukanyagwa, halafu akarudi ndani.

Akanieleza huku anagusa. Mchanga mkavu hauwezi kushika ukingo. Unyayo wa mchangani huzaliwa mzee, hakuna siku moja utakayouona mzuri, kwa hiyo huulizi uzuri wake. Unauliza mambo mengine. Umande wa alfajiri huacha ganda jembamba juu ya mchanga, na ganda hilo lilikuwako nje ya kishimo na ndani ya kishimo, halijavunjika. Basi ngamia alipita kabla ya alfajiri. Na upepo wa alasiri, ule unaotokea Banissa kila siku baada ya swala ya alasiri, huwa unamwaga mchanga upande mmoja wa kila shimo. Kishimo hiki hakina kilichomwagwa. Basi alipita baada ya upepo wa jana kutulia.

"Ni wa usiku huu uliopita," alisema. "Na miguu ya nyuma ameitanua. Amekaribia sana. Ondoka, twende."

Nilitia vidole vyangu kwenye kishimo kile. Sikusikia ganda lolote. Nilisikia mchanga.

Tuliifuata laga kwenda juu, mimi nikihesabu vishimo na yeye akisimama kwenye kila cha tano au cha sita kukisalimia. Mahali ambapo mimi niliona njia imegawanyika yeye aliinama mara mbili tu. Macho yake yalikuwa yamefifia muda mrefu kabla mimi sijapanda basi, na hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba kwa hiyo hawezi kufuata nyayo, isipokuwa sisi, watoto wake, kwa simu.

Alasiri ilipokaribia niliogopa upepo. Mama naye aliogopa, nilijua kwa sababu aliacha kuongea. Ukija, ungezijaza zote, na mchanga ungekuwa haujui chochote. Tuliongeza mwendo. Fimbo sasa alikuwa anaivuta yeye.

Nilimsikia ngamia kabla sijamwona, ile sauti ya chini kooni ambayo ngamia jike huitoa kwa ndama tu. Alikuwa kwenye kona ya laga, ukingo wa udongo umemkinga nyuma, mgunga umemkinga mbele. Mahali pazuri, hata mimi ningezalia hapo. Ndama alikuwa amesimama kwa miguu minne inayokwenda pande nne, bado ana unyevu mgongoni, anatafuta maziwa kwenye goti la mama yake.

Nilimshika mama mkono nikauweka mgongoni mwa ndama. Aliupapasa wote, kichwa, shingo, na kwa sababu ni mtu wa mambo ya maana, akaangalia nyuma.

"Jike," alisema. "Alhamdulillah. Jike."

Akacheka mpaka akakaa chini. Nami nikacheka na kulia, na hapo ndipo upepo wa alasiri ulipotufikia, ukafuta nyuma yetu njia yote tuliyoijia. Niligeuka nikautazama ukifanya kazi yake. Nimeufundisha upepo huo kwa miaka tisa, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kuufurahia.

Nilitimiza ahadi. Siku zilizobaki sikutaja Garissa. Nilijifunza kutia matone ya macho bila kumwaga, nikamfundisha wifi yangu pia, na kaka yangu akanunua kamba mpya ya kengele. Siku ya kuondoka nilitoka alfajiri, nikamuaga mama mlangoni, nikavaa ndala zangu zinazoandika, na pikipiki ikanipeleka Takaba kwenye basi.

Muhula ulipofunguliwa niliingia darasani na makarai mawili, moja la tope na moja la mchanga wa Tana, na nikawaambia wasichana wakanyage yote mawili, kisha wayarudie baada ya wiki. Yule wa dawati la mbele alitaka kujua unyayo upi ni wa Mwezini. Nikamwambia wa tope, halafu nikamweleza kwa nini hilo si jambo la kuonea wivu.

Lakini hiyo ilikuwa baadaye. Siku ya nne baada ya mimi kuondoka simu yangu iliita. Kaka alikuwa amempandisha mama kwenye kilima chenye mtandao. Mama alinisalimu, akaniambia ndama ananyonya vizuri, ngamia ana maziwa mengi, matone yamewekwa. Kisha akasema alimkataza mkwe wake asifagie mlangoni. Kila asubuhi baada ya swala alikuwa akitoka na kupapasa nyayo zangu pale nilipovalia ndala, mahali nyumba inapokinga upepo kidogo. Siku ya kwanza alisoma mistari yote. Siku ya pili alisoma kisigino. Siku ya tatu palikuwa na kishimo tu. Leo ameinama, na hakuna kitu.

"Zimeisha, hooyo," alisema. "Panga siku uje uweke nyingine."

Nilikata tiketi ya Aprili wiki hiyo hiyo. Lile godoro bado liko ndani ya nailoni yake.